Chanjo ya Mwezi wa Tano

Wazee arobaini na watatu wa makao yale walimwita muuguzi wao mkuu Sista Kalenda, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimwa. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na bafu la wanaume. Ukutani zilining'inia kalenda mbili, ya mwaka uliopita na ya mwaka huo. Hakuweka picha wala maua. Aliweka nukta: ya buluu siku mzee anapochanjwa, nyekundu siku anapoanza kuugua, na nyeusi siku ambayo hakupenda kuizungumzia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu gari liliteremsha katoni ya chanjo ya mafua makali, yale yanayoanzia puani yakamalizikia kifuani. Sista Kalenda alisaini, akavipanga vichupa kwenye friji, akapima joto lake. Kisha akarudi ofisini kutafuta kalamu ya buluu. Tangu aanze kazi pale utaratibu ulikuwa mmoja: katoni ikishuka leo, kesho wazee wanakunja mikono ya mashati. Lakini kalamu ilikuwa imedondoka chini ya kalenda ya mwaka uliopita, na alipoinuka baada ya kuiokota macho yake yalikuwa sawasawa na mwezi wa nane.

Mwezi wa nane ulikuwa umetapakaa nyekundu kama mtoto mwenye surua.

Alivuta kiti. Nukta za buluu zote zilikuwa mwezi wa tatu. Baridi ilikuwa imeingia mwezi wa sita, na mwezi huo hakuugua mtu. Wa saba waliugua wawili, wakapona bila hata kulala hospitali. Mwezi wa nane, wakati kila mtu ameshajipongeza, wakaugua kumi na wanne, na watatu wakazikwa. Alihesabu kwa kidole, taratibu, kutoka buluu hadi nyekundu. Miezi mitano. Akarudia kuhesabu, maana mtu akiona jambo kubwa kwenye jambo dogo huanza kwa kutoyaamini macho yake. Miezi mitano ileile.

Alhamisi daktari wa zamu alikuja kama kawaida yake, mtu wa maneno machache aliyezungukia vituo vinne kwa wiki. Alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. Alimweleza kwamba hakuona mambo ya ajabu. Kinga ya chanjo ile haiji na sindano; mwili unahitaji kama wiki mbili kujipanga. Ikishapanda inakaa juu kwa muda, halafu inaanza kuteremka polepole, na kwenye mwili wa mzee huteremka mapema kuliko kwa kijana. Haiishi yote. Hata ikipungua inaweza kumwepusha mtu na kitanda cha hospitali. Lakini kwa mtu wa miaka themanini, miezi mitano baada ya sindano, hakuna mwenye akili timamu ambaye angekula kiapo juu yake.

Sista Kalenda aliuliza itakuwaje wakisubiri. Wachanje mwanzoni mwa mwezi wa tano, ili baridi iwakute na kinga mpya na mwezi wa nane usiwakute wamebaki na masalio. Daktari alijikuna kidevu. Alisema ni wazo zuri, mradi mafua yenyewe yafuate ratiba.

"Na yasipofuata?"

"Hapo utakuwa umecheza kamari na umeliwa," daktari akasema. "Ila hata kuchanja mapema ni kamari. Tumeizoea tu, ndiyo maana hatuiiti hivyo."

Msimamizi wa makao, bwana mnene aliyependa mambo yapite bila makelele, hakubisha. Alisema yeye si mtu wa sindano. Kama ni mwezi wa tano, basi na uwe mwezi wa tano. Akaongeza, huku akichezea funguo zake, kwamba kila mtu akumbuke wazo lilikuwa la nani.

Jumatatu iliyofuata aliwakusanya wazee kwenye bwalo baada ya uji wa asubuhi, akawaeleza. Hakutaka waamke siku moja waulize chanjo yao iko wapi. Nusu walisikiliza, robo walisinzia, na waliobaki walitazama upande wa Mzee Kinyozi kusikia atasema nini, kwa sababu pale ndani hakuna jambo lililokuwa limesemwa mpaka Kinyozi aliseme.

Mzee huyo alikuwa mjomba wake Sista Kalenda, kaka wa mama yake, toka nitoke. Alinyoa vichwa vya watu kwa miaka hamsini, na alipohamia makaoni baada ya kufiwa na mkewe alikuja na mashine yake, vitana viwili na kioo. Kila Jumamosi alitoa kiti barazani akawanyoa wenzake, akiwapa habari za mji ambazo nusu yake alizitunga yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mapafu yaliyochoka kwa vumbi la nywele, na ulimi usiochoka.

"Mpwa wangu," alisema, "ngoja nikusaidie, maana hawa hawajakuelewa. Bwana harusi humnyoi mwezi mmoja kabla ya harusi. Ukimnyoa mapema, siku yenyewe anafika na msitu. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mjomba."

"Basi mwacheni mtu afanye kazi yake. Atatunyoa karibu na harusi."

Wakacheka, hata waliokuwa wamesinzia, na jambo likapita. Bibi mmoja tu wa chumba cha tisa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alinyoosha kidole akauliza kama bwana harusi ana hakika na tarehe ya harusi. Sista Kalenda alimjibu kwa ukweli kwamba hakuna mwenye hakika, ila miaka sita mfululizo baridi haijawahi kuja na mafua kabla ya mwezi wa sita. Bibi alitikisa kichwa kama anayemrudishia mwanafunzi daftari lenye alama za wastani.

Vichupa vikakaa kwenye friji. Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne ukaingia, na Sista Kalenda alilala usingizi wake vizuri.

Jumanne ya wiki ya tatu ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, daktari alimpigia simu. Hakumsalimu. Alisema shule mbili za mjini zimefungwa kwa kikohozi, majibu ya vipimo yametoka, na ni yale yale mafua, yamewahi. Akamuuliza kama kuna aliyeanza kuugua pale. Sista Kalenda alikuwa anafungua mdomo kusema hapana, akakumbuka kwamba mpishi alishinda jana yake yote akipiga chafya juu ya masufuria, na kwamba mpishi ana wajukuu wanne wa shule.

Hakupoteza hata dakika. Mpishi alirudishwa nyumbani na barakoa usoni. Wageni wakazuiwa getini. Wahudumu watatu waliwapanga wazee kwenye viti ukumbini, na yeye akaanza kuchoma saa tano kamili, akiingia bega moja na kutoka lingine, akiandika huku na kuchoma huku, mpaka saa tisa alasiri, alipoweka pamba kwenye bega la arobaini na tatu. Mjomba wake alikuwa wa ishirini na kitu. Alitoa mkono wa kushoto, akasema wa kulia ni wa kazi.

"Harusi imewahishwa, eti?" alimnong'oneza.

"Imewahishwa, Mjomba."

"Usijali. Mimi ndevu zangu haziwahi kuota."

Alitabasamu, na yeye akajilazimisha kutabasamu. Lakini akilini alikuwa anahesabu. Wiki mbili kinga ijipange. Mpishi alikuwa amepakua chakula jana, juzi, na pengine siku moja kabla yake. Kirusi kilikuwa kimeshakaa mezani na wazee wake wakati sindano ndiyo kwanza inavua viatu mlangoni.

Jumamosi kiti hakikutolewa barazani. Alimkuta mjomba wake amelala ubavu, amejifunika mpaka shingoni, mashine yake bado iko kwenye kasha. Alikishika kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima oksijeni, akakiambia kiseme uongo, lakini kilisema tisini, kisha themanini na nane. Jumapili asubuhi gari la wagonjwa lilimchukua. Kabla halijaondoka walikuwa wameshaongezeka wengine wanne wenye homa, na kufikia Jumatano walikuwa wanane.

Hospitali walimpa oksijeni na dawa. Siku ya tatu alipata nafuu, akamtania muuguzi wa wodi kwamba kinyozi aliyemkata yeye nywele zile anapaswa kumwomba radhi. Siku ya nne mapafu yakajaa. Alifariki Jumamosi alfajiri, siku ya kumi na moja tangu sindano, bintiye akiwa amemshika mkono. Wale wengine saba walipona, mmoja kwa tabu sana.

Sista Kalenda alimzika mjomba wake kama mpwa, akapika na kuosha vyombo pamoja na wanawake wengine wa ukoo, na hakuna aliyemwuliza neno. Watu walisema umri, walisema mapafu, walisema siku za mtu zikifika zimefika. Aliitikia pole za watu.

Aliporudi kazini msimamizi alikuwa ameandaa barua kwa familia za wazee. Alimkabidhi aisome na kuitia saini chini ya jina lake. Ilikuwa barua nzuri, yenye heshima na masikitiko, na katikati yake kulikuwa na mstari mmoja: kwamba chanjo ya mwaka huo ilichelewa kufika.

Alisoma mstari ule mara mbili. Akasema chanjo haikuchelewa. Ilifika mwezi wa tatu, yeye ndiye aliyeipokea na yeye ndiye aliyeiweka.

Msimamizi alifunga mlango, akamsihi kwa upole. Alisema mstari ule haumdhuru mtu, hata dereva wa gari lenyewe hatajua. Unazuia tu maneno. Marehemu hatarudi kwa sababu ya ukweli, na makao yakipata jina baya wazee watapelekwa wapi? Yote yalikuwa na mantiki, na Sista Kalenda, aliyekuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Saini yenyewe ni sekunde mbili.

Akachukua kalamu, akaukata ule mstari. Juu yake akaandika kwa mkono kwamba chanjo ilifika mapema, na kwamba muuguzi mkuu, kwa ushauri wa daktari, aliamua kusubiri ili kinga iwatoshe wazee mpaka mwisho wa baridi, na mafua yakatangulia. Kisha akatia saini. Msimamizi aliisoma karatasi. Alisema, ni shauri yako. Lakini aliipeleka kuchapwa kama ilivyo, na kwa hilo Sista Kalenda alimheshimu baadaye.

Barua moja hakutaka isomwe kabla hajafika yeye. Siku hiyohiyo baada ya kazi alikwenda kwa binamu yake.

Binti wa Kinyozi alikuwa mshonaji. Karakana yake ilikuwa na cherehani tatu na meza ndefu ya kukatia, na kwa miaka minne ndiye aliyeshona mashuka yote ya makao. Walikuwa wamelelewa nyumba moja, wamelala kitanda kimoja, mzungu wa nne, mpaka walipoota akili. Alimkuta anapinda ukingo wa shuka. Alipomwona alizima cherehani, akamvutia kiti, akaanza kumwuliza kama amekula.

Sista Kalenda alisema hajaja kukaa. Kisha akakaa. Akamweleza yote tangu mwanzo: kalenda, nukta nyekundu, daktari, mkutano bwaloni, simu ya Jumanne. Hakujipunguzia wala hakujiongezea. Binamu yake alimsikiliza huku vidole vyake vikipima ukingo wa shuka, vikienda na kurudi.

"Kwa hiyo dawa ilikuwepo," alisema hatimaye.

"Ilikuwepo."

"Kwenye friji. Wiki tano."

"Wiki tano na siku mbili."

"Na Baba alijua?"

"Alijua. Alikubali. Lakini alikubali kwa maneno yangu, dada. Angekataa wangekataa wote, na ningewachoma siku ileile."

Binamu yake alikata uzi kwa meno. Nje mtu aliburuta kitu cha chuma kwenye saruji. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisikia.

"Ungemchoma mwezi wa tatu, angekuwa hai?"

Swali lile Sista Kalenda alishamwuliza daktari. Daktari alimjibu kwamba pengine ndiyo, na kwamba pengine mwezi wa nane wangezika wengine, na hakuna binadamu anayeweza kumwonyesha ni akina nani. Angeweza kuyarudia maneno yale. Aliona kwamba nusu ya pili si ya kumpa mtoto wa marehemu siku ya tano ya msiba.

"Pengine," akasema.

"Nashukuru umekuja mwenyewe," binamu yake akasema. "Sasa nenda nyumbani."

Akawasha cherehani. Tangu siku hiyo mashuka ya makao yaliletwa na msichana wa karakana, yamekunjwa vizuri, yamefungwa kwa kamba, bila salamu. Sista Kalenda alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, akaacha. Alijua kumfuata mtu na toba yako kila siku ni namna nyingine ya kumtwisha mzigo.

Barua ilipowafikia wenyewe, familia mbili ziliwahamisha wazee wao. Familia moja ilikuja juu, ikapiga meza. Nyingi hazikusema kitu. Bibi wa chumba cha tisa alimwita, akamwambia kosa lake halikuwa kwenye hesabu, lilikuwa kwenye kudhani kwamba miaka sita ni mingi.

Baridi ikaja kwa wakati wake. Mafua yakatulia mwezi wa sita na wa saba, na katikati ya mwezi wa nane yakarudi, wimbi la pili. Mjini wodi zilijaa. Kwenye makao ya wazee ya mtaa wa pili, ambako walichanja mwezi wa tatu kama ilivyo desturi, walipeleka tisa hospitali na wakazika wanne. Kwa Sista Kalenda waliugua watano, homa za siku mbili tatu, na hakuna aliyetoka getini kwa gari la wagonjwa. Kinga yao, changa kwa wiki tano kuliko ya jirani zao, ilikuwa bado ina nguvu. Msimamizi alikuja ofisini kwake, safari hii bila funguo mkononi, akasema, unaona? Ulikuwa sahihi.

Sista Kalenda alimshukuru akaendelea kujaza daftari. Watu ambao pengine wangekufa walikuwa pale ukumbini, wakigombea rimoti ya televisheni, na hakuna hata mmoja aliyejua kama yeye ndiye angekuwa amezikwa. Mjomba wake alijulikana kwa jina na kwa kaburi. Hakujua mizani ya kupimia vitu viwili vya namna hiyo, na kwa kuwa hakuijua, hakujipa hongera. Lakini usiku alianza tena kulala.

Mwaka uliofuata katoni ilipofika, aliandikia familia zote kabla hajaandika kwenye kalenda. Jumapili walijaa bwaloni, wazee mbele, watoto na wajukuu nyuma. Hakuwaficha kitu. Aliwaambia wakichanja leo wanajikinga na mafua yanayowahi, na wakichelewa wanajikinga na yanayochelewa, na kwamba sindano moja haiwezi kukaa zamu pande zote mbili. Yeye na daktari walipendekeza mwanzoni mwa mwezi wa nne, na shule zikianza kukohoa kabla ya hapo, siku hiyohiyo. Wahudumu na wapishi wangechanjwa kwanza, wiki hii, maana wao ndio mlango.

Ndipo alipomwona binamu yake. Alikuwa amesimama karibu na mlango, furushi la mashuka kifuani; alikuwa ameleta mzigo mwenyewe. Hakuwa na mzee wa kumwulizia pale tena, na watu waliomfahamu waligeuka kumtazama alipoinua mkono.

"Na mkikosea tarehe tena?"

Msimamizi alikohoa. Sista Kalenda alikuwa ameandaa majibu ya maswali kumi, na hilo halikuwemo.

"Tukikosea nitakuja kuwaambia mimi mwenyewe," alisema. "Mlango kwa mlango, kama nilivyokuja kwako. Lakini siwezi kuwaahidi kwamba hatutakosea."

Binamu yake akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayekubali kipimo cha nguo. Mzee mmoja mstari wa mbele akauliza kama sindano ya mwaka huu inauma kuliko ya mwaka jana, na watu wakapata nafasi ya kucheka.

Mkutano ulipoisha Sista Kalenda alimkuta ndani ya stoo akipanga mashuka kwenye rafu, makubwa chini na madogo juu. Hawakukumbatiana. Binamu yake alimwambia kwamba mapazia ya ukumbini yamechakaa, ni aibu tupu, nani anayaangalia? Sista Kalenda akasema hakuna. Basi nipe futi tuyapime, akasema binamu, kabla giza halijaingia. Wakatoka pamoja, mmoja ameshika ngazi, mwingine futi, wakaanzia dirisha la kwanza.